“Imalize Kwanza Ndiyo Uchaji”: Ushauri Uliodumu Kuliko Betri Yake

Ukinunua betri ya akiba ya kamera leo, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, kuna uwezekano mkubwa utaondoka na vitu viwili: betri yenyewe na ushauri. “Usiku wa kwanza ichaji masaa manane bila kuigusa. Halafu itumie mpaka kamera izime yenyewe, ndiyo uchaji tena. Ukiichaji ikiwa nusu unaizoesha vibaya.”

Muuzaji hakudanganyi. Anakupa alichopewa na fundi aliyemfundisha kazi, na fundi huyo naye alipewa na mwingine. Ukiufuatilia ushauri huo hadi chimbuko lake unakuta kwamba ulikuwa sahihi kabisa, ila ulihusu betri nyingine. Betri ile imeshatoka kwenye kamera zetu miaka mingi iliyopita. Ushauri wake umebaki. Kwa betri uliyonayo mkononi leo, kuimaliza mpaka mwisho kila mara ni njia nzuri ya kuiua mapema.

Si jambo dogo. Kwa mwanafunzi anayepiga picha za mahafali na sendofu ili alipe kodi ya chumba, betri ni mtaji. Ikikata katikati ya hafla, hakuna wa kumwambia bibi harusi arudi aingie tena ukumbini. Ndiyo maana tunaona inafaa kurudi nyuma kidogo tuangalie kila kanuni ilizaliwa lini, na kwa ajili ya betri ipi. Ukishalijua hilo, huna haja ya kukariri orodha ya “fanya” na “usifanye”.

Kamera ya kwanza na betri zake 16

Mwaka 1975, ndani ya maabara za Kodak mjini Rochester, Marekani, mhandisi kijana aitwaye Steven Sasson aliunganisha kamera ya kwanza ya dijitali inayobebeka. “Inayobebeka” ni neno la heshima tu, maana ilikuwa na uzito wa kilo 3.6. Picha yake ilikuwa na pikseli 10,000, nyeusi na nyeupe, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Ndani yake mlikuwa na betri 16 za nikeli na kadimiamu.

Hizo betri 16 zinatuambia jambo. Kamera nyingi za filamu za zamani zilikuwa za springi na meno ya chuma. Zingine hazikuhitaji umeme hata kidogo. Kilichomwishia mpiga picha kilikuwa filamu. Kwenye kamera ya dijitali kila hatua inakula umeme: kuhisi mwanga, kuusoma, kuandika picha, kuionyesha. Mpiga picha wa zamani alitembea na filamu za akiba mfukoni. Wa sasa anatembea na betri za akiba.

Betri ya nikeli na kadimiamu, ile inayoandikwa Ni-Cd ubavuni, ilibuniwa na Msweden Waldemar Jungner mwaka 1899. Ilikuwa ngumu, ilivumilia kuchajiwa na kumalizwa mara nyingi sana, na ilitoa umeme mwingi kwa mkupuo. Lakini kila seli yake ilitoa volti 1.2 tu, na kadimiamu ni sumu. Tena ilikuwa na tabia moja iliyokuja kuzaa ushauri tunaousikia mpaka leo.

Betri yenye kumbukumbu

Setilaiti inayozunguka karibu na Dunia humaliza mzunguko mmoja kwa takriban saa moja na nusu. Sehemu ya safari iko kwenye jua, na betri zinachajiwa. Sehemu nyingine iko kwenye kivuli cha Dunia, na betri zinatumika. Mzunguko unaofuata ni uleule, na mwingine uleule, betri zikitumika kwa kiasi kilekile kila mara, kwa usahihi wa mashine.

Wahandisi wa vyombo vya anga waligundua kwamba betri za Ni-Cd zikitumiwa hivyo kwa muda mrefu, zilianza kuporomoka volti pale pale zilipozoea kukomea. Umeme ulikuwa bado umo, lakini volti ikishuka chombo kinadhani betri imekwisha. Ni kama vile betri “inakumbuka” mahali pa kuacha. Sababu iko kwenye chembe za kadimiamu. Sehemu isiyotumika hukaa bila kubadilika, chembe zake zikikua na kuwa kubwa. Chembe kubwa zina eneo dogo la kugusana na kimiminika cha betri, kwa hiyo kazi inakuwa nzito. Dawa yake ilikuwa kuimaliza betri kabisa kisha kuichaji upya, ili chembe zivunjike na kujijenga upya zikiwa ndogo.

Sasa, nani nyumbani hutumia betri kwa usahihi wa setilaiti? Karibu hakuna. Kilichoziharibu zaidi betri za watu wa kawaida kilikuwa kusahauliwa kwenye chaja kwa siku kadhaa. Chaji ya kupita kiasi nayo ilishusha volti, na kuimaliza betri kabisa kulisaidia hapo pia. Kwa hiyo watu walifuata ushauri, waliona matokeo, wakauamini. Sababu waliyopewa haikuwa yenyewe hasa, lakini dawa ilifanya kazi.

Na ile ya kuchaji muda mrefu mara ya kwanza? Nayo ina asili yake. Chaja za kawaida za wakati ule ziliingiza umeme polepole, kama sehemu moja ya kumi ya ujazo wa betri kwa saa. Kwa kuwa sehemu ya umeme ilipotea kama joto, kujaza betri kulihitaji muda wa saa 14 hadi 16. Betri za nikeli pia huvujisha chaji zikiwa zimekaa tu. Iliyokaa rafuni dukani miezi mitatu ilikufikia ikiwa imepoteza sehemu kubwa ya chaji yake, hivyo chaji ndefu ya kwanza ilikuwa ya lazima.

Wengi wetu Afrika Mashariki hatukukutana na betri za kuchaji kwenye kamera. Tulikutana nazo kwenye simu. Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, ilianza na betri ya Ni-MH, yaani ya nikeli na haidraidi ya metali, binamu wa Ni-Cd asiye na kadimiamu. Aliyekuwa na simu ile akaambiwa aichaji usiku kucha na aimalize kwanza hakupotoshwa sana.

Miaka ya mgongano

Mwaka 1995 Casio ilitoa kamera ya QV-10, ya kwanza kwa mnunuzi wa kawaida kuwa na kioo nyuma cha kutazamia picha. Ilitumia betri nne za AA, zile za rimoti na redio, na kioo kile kilizila vibaya. Hapo watu wengi wakaanza kununua AA za kuchaji.

Kisha kamera za kazi zikaingia, na ndipo mambo yalipochanganyika. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilitumia betri ya Ni-MH. Canon EOS D30 ya mwaka 2000 ilitumia ya lithiamu, ya jamii moja na zile za kamera zao za video. Mwaka 2001 Canon hiyohiyo ikatoa EOS-1D, kamera ya waandishi wa habari na michezo, ikiwa na Ni-MH. Nikon ilihamisha kamera zake za daraja la juu kwenda lithiamu kwa D2H mwaka 2003. Canon ilisubiri mpaka EOS-1D Mark III mwaka 2007 ndipo kamera zake za daraja hilo zikahama.

Hebu mfikirie mpiga picha wa mwaka 2002 mwenye D30 na 1D kwenye begi moja. Kampuni moja, lensi zilezile, lakini betri mbili zenye mahitaji yanayopingana. Moja inafaidika ikimalizwa mara mojamoja. Nyingine inaumia ikimalizwa. Zote mbili anaziita “betri ya Canon”. Ukijiuliza kwa nini ushauri wa aina moja uliishia kwenye betri ya aina nyingine, jibu liko kwenye begi hilo.

Lithiamu na kamera zilikua pamoja

Miaka ya 1970 Stanley Whittingham, akiwa kampuni ya mafuta ya Exxon, alitengeneza betri ya kuchajika yenye metali ya lithiamu. Ilikuwa na nguvu, lakini metali hiyo ikichajiwa huota vijisindano vinavyoweza kutoboa hadi upande wa pili na kuwasha moto. Onyo lilikuja wazi mwaka 1989, pale betri za lithiamu ya metali za kampuni ya Moli Energy ya Kanada zilipolazimika kurudishwa kutoka sokoni Japani kwa sababu ya hatari hiyo.

Njia iliyofaulu ilikuwa kuiondoa metali yenyewe na kubaki na ioni zake. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake, Oxford, walionyesha kwamba oksidi ya kobalti inaweza kuzipokea na kuziachia ioni za lithiamu kwa volti kubwa. Kipindi hichohicho Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes, Moroko, akiwa Ufaransa, alionyesha kwamba grafaiti nayo inaweza kuzihifadhi. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Asahi Kasei, Japani, aliunganisha oksidi ya kobalti na aina ya kaboni akapata betri salama zaidi. Mwaka 1991 Sony ikaiingiza sokoni, na miongoni mwa vifaa vya mwanzo kuitumia vilikuwa kamera za video. Ilikuwa na volti kama 3.6 kwa seli, mara tatu ya nikeli. Whittingham, Goodenough na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na miaka 97.

Ili kuelewa matunzo yake, fikiria mabweni mawili, A na B, na wanafunzi ambao ndio ioni. Bweni A ni grafaiti, bweni B ni oksidi ya kobalti. Ukichaji, unawasukuma wanafunzi kutoka B kwenda A. Ukitumia kamera, wanarudi B wenyewe, na safari yao ndiyo inayokupa umeme. Hakuna chembe zinazokua kwa sababu umeishia njiani. Kwa hiyo hakuna kumbukumbu ya kuisumbua. Kuichaji ikiwa asilimia 60 si dhambi.

Kinachoiumiza ni kukaa kwenye ncha. Ikijaa kabisa, kila seli inafika kama volti 4.2, na katika hali hiyo kimiminika kilichomo huchakachuka taratibu na kuacha utando juu ya elektrodi. Kila ioni inayonaswa kwenye utando huo haitasafiri tena, na joto huongeza kasi ya jambo hilo. Upande wa pili, ikimalizwa kabisa na kuachwa, volti huendelea kushuka hadi shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka. Saketi ya ulinzi huifunga betri isitumike, na wewe unasema “imegoma kuingia chaji”. Mara nyingi betri ya namna hii haikuharibiwa na kazi. Iliuawa na droo, iliposahauliwa humo ikiwa tupu tangu harusi ya Desemba.

Kuitunza, basi

Makadirio yanayotumiwa sana na watu wa betri yanasema hivi: betri ya lithiamu ikihifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 za Selsiasi ikiwa na chaji ya asilimia 40, inabakiwa na uwezo wa takriban asilimia 96. Ikihifadhiwa imejaa kwenye joto hilohilo, inabakiwa na kama 80. Ikiwa imejaa na joto ni nyuzi 40, inashuka hadi kama 65. Yote hayo bila kupiga picha hata moja.

Soma tena namba hizo ukiwaza gari lililoegeshwa juani Dodoma au Mombasa, ambalo ndani yake joto hupita nyuzi 50 kwa urahisi, na begi la kamera liko kiti cha nyuma na betri tatu zilizojaa. Hapo betri zinazeeka haraka bila kufanya kazi yoyote.

Kwa hiyo: jaza betri usiku wa kuamkia kazi, si wiki mbili kabla. Ukimaliza kazi na huna nyingine karibuni, ziache kwenye nusu hivi, nje ya kamera, mahali pakavu pasipo na joto. Zikague kila baada ya miezi michache. Ziandike namba kwa kalamu, moja, mbili, tatu, uzitumie kwa zamu ili zizeeke pamoja na uijue iliyochoka. Kamera zikionyesha alama ya betri kuchoka kwenye menyu, iamini.

Friji? Ushauri huo ulikuwa na mantiki kwa betri za nikeli zilizovujisha chaji haraka. Lithiamu huvujisha kidogo sana, na kwa hewa yenye unyevu ya pwani, betri iliyotolewa kwenye friji hutoa jasho kama chupa ya soda. Iache kabatini.

Kuna sehemu moja ambapo ushauri wa zamani bado una uhai: flashi ya nje. Flashi nyingi bado zinatumia AA za Ni-MH, ambazo ziliboreshwa sana mwaka 2005 Sanyo ilipoleta Eneloop, zenye kutunza chaji kwa miezi mingi. Hizo ukizimaliza na kuzichaji upya mara mojamoja hazidhuriki, zinaweza hata kufaidika. Begi la mpiga picha wa leo, kama lile la mwaka 2002, bado lina kemia mbili. Soma maandishi ubavuni: Ni-MH au Li-ion.

Kuchagua: hesabu ya darasa la saba

Historia inatusaidia pia dukani. Chukua betri ya Canon LP-E6, iliyotoka na 5D Mark II mwaka 2008. Ina mAh 1,800 kwa volti 7.2. Mwaka 2020 ikaja LP-E6NH, umbo lilelile, mAh 2,130. Yaani miaka 12 ya utafiti wa kampuni kubwa iliongeza kama asilimia 18 tu. Sasa mtu anakuuzia betri ya umbo hilohilo kwa robo ya bei, ubavuni imeandikwa mAh 3,500. Ameipata wapi teknolojia hiyo?

Piga hesabu. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa: 7.2 mara 1.8 ni kama 13. Betri hiyo ina uzito wa karibu gramu 80, kwa hiyo ni kama wati-saa 160 kwa kilo, kiwango cha kawaida cha lithiamu. Ile ya 3,500 ingekuwa wati-saa 25, zaidi ya 310 kwa kilo kwa uzito uleule, kiwango ambacho betri ya bei hiyo haiwezi kukifikia. Na kama ni nyepesi kuliko ya asili, ndani yake kuna seli ndogo. Mzani wa jikoni unatosha kuigundua.

Si kila betri isiyo ya kampuni ya kamera ni mbovu. Zipo za kampuni nyingine zinazofanya kazi vizuri. Dalili nzuri ni ile inayoandika namba ya kawaida badala ya namba ya maajabu, na inayoonyesha wati-saa ubavuni. Ya bandia, inayojifanya ya asili, iepuke kabisa. Anayedanganya jina hana sababu ya kusema kweli kuhusu saketi ya ulinzi.

Ununue ngapi? Angalia kamera yako. Nikon D850 hukadiriwa picha 1,840 kwa chaji moja katika kipimo cha pamoja cha watengenezaji wa Japani. Sony A7 ya kwanza, isiyo na kioo cha kurukaruka na inayowasha skrini muda wote, ilipata kama 340. Mwenye D850 moja ya akiba inamtosha. Mwenye A7 atafute mbili au tatu. Lakini usinunue sita kwa sababu ya bei ya ofa. Lithiamu huzeeka hata ikiwa kwenye paketi.

Kwa nini zisiwekwe kwenye begi la mizigo

Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya UPS aina ya Boeing 747 iliondoka Dubai kuelekea Köln. Moto ulizuka kwenye mizigo, moshi ukajaa chumba cha marubani, na wote wawili walifariki ndege ilipoanguka ikijaribu kurudi. Wachunguzi wa Falme za Kiarabu walihitimisha kuwa huenda moto ulianzia kwenye shehena yenye betri za lithiamu. Tangu Aprili 1, 2016, shirika la usafiri wa anga la kimataifa, ICAO, limezuia betri za lithiamu-ioni kusafirishwa peke yake kama shehena kwenye ndege za abiria.

Kwa abiria, kanuni ni kwamba betri za akiba zinakaa kwenye begi la mkononi, kwa sababu moto ukizuka mbele ya watu unaweza kudhibitiwa. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri. Ya kwako yenye 13 haina shida. Muhimu ni kufunika ncha zake, kwa kifuniko chake au hata mkanda wa gundi, zisigusane na sarafu na funguo. Na betri iliyovimba usiichaji, usiitoboe, usisafiri nayo.

Jambo la mwisho ni kobalti ile ya Goodenough. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa eneo la Kolwezi na Likasi, ambako wachimbaji, wakiwemo wadogo wanaoshuka mashimoni kwa mikono, huzungumza Kiswahili. Betri inayodumu miaka mitano badala ya miwili ni shimo ambalo halikuhitaji kuchimbwa tena kwa ajili yako.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia tena “imalize kwanza ndiyo uchaji”, usibishane naye. Muulize tu: ya nikeli au ya lithiamu?